Mkono wa Kijani wa Mpanda Radi

Ukitaka kujua Mpanda Radi alizipataje nguvu zake, usimwulize mtu mmoja. Waulize watatu kwa pamoja, kisha sogea kando usije ukapigwa kiwiko.

Duka la Ignacio Beltrán lilikuwa Queens, chini ya reli ya treni namba saba. Jumatano, siku ya matoleo mapya ya katuni, lilikoma kuwa duka, likawa ukumbi wa harusi isiyo na bibi harusi. Watu walijaa tangu Ignacio anapokata kamba za maboksi mpaka anapowatoa kwa ufagio. Kila mteja alikuwa na jalada lake chini ya kaunta, jina limeandikwa kwa wino mzito, na Ignacio alimwekea humo matoleo yake kama mama anayemtengea mwanawe chakula. Treni ikipita juu, maneno yanakatika, rafu zinatetemeka, kisha kila mtu anaendelea na kejeli yake pale pale ilipokatikia.

Minna Zaretsky alikuwa na kiti chake karibu na bomba la joto. Alikuwa mjane wa miaka sabini, nywele nyeupe zimekatwa fupi, ulimi mwepesi kama mkasi wa kinyozi. Hakuna Jumatano iliyompita. Watu walidhani anafuata joto na soga, naye, akiwa amewaletea boksi la vikeki vya kusokotwa vyenye jamu ya aprikoti, aliwaacha wadhani hivyo hivyo. Kila mwezi Ignacio akimpa toleo la Mpanda Radi, alilifungua kwanza kutafuta kitu kimoja tu. Alitafuta mkono wa kushoto. Akiuona ni wa kijani, anafunga na kula keki.

Jumatano hiyo ya Machi, mwaka tisini na nane, watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni, kwa sababu saa kumi mwandishi mwenyewe alikuwa anakuja kutia saini. Mpanda Radi alikuwa anaanzishwa upya, toleo namba moja.

"Mwanzo mpya wa ngapi huu?" aliuliza Theodora Grant, dereva wa treni, sare yake bado mwilini.

"Wa saba," alijibu Orville Knapp bila kuinua macho. Orville alikuwa mfamasia, na mambo ya katuni aliyajua kuliko dawa.

"Saba! Huyu mtu kazaliwa mara nyingi kuliko watoto wa mama yangu wote."

"Na kila mara kwa baba mwingine," alidakia Ignacio kutoka kaunta, na duka likaangua kicheko.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa arobaini, Mpanda Radi alikuwa fundi wa lifti. Radi ilimpiga akiwa ndani ya shimo la lifti kwenye jengo la ghorofa arobaini, akatoka akiwa na uwezo wa kuruka ghorofa tatu kwa mpigo. Miaka mitatu baadaye mchoraji alichoka kuchora ngazi na madirisha, akamwacha hewani, na tangu hapo akawa anapaa kama ndege bila mtu kuuliza. Watoto walipoanza kutazama anga, radi ikageuka miale ya kimondo. Watu walipoanza kuogopa atomu, kimondo kikageuka atomu. Mwaka sabini na sita ikaonekana kwamba yeye hata si binadamu, ni mwana wa mfalme wa sayari ya mbali, na ile lifti ilikuwa chombo chake cha angani. Mwaka themanini na saba yote hayo yakawa ndoto ya mtu aliyegongwa kichwani na nyundo. Kila mara wasomaji waliapa kwa miungu yote kwamba hawanunui tena, na Jumatano iliyofuata walikuwa kwenye foleni, wa kwanza kabisa yule aliyeapa kwa sauti kubwa.

"Safari hii ni fundi wa kompyuta," alisema Orville. "Kapigwa na mawimbi ya setilaiti. Hilo nalimeza. Lakini wameutoa mkono."

"Mkono gani?" aliuliza Minna.

"Wa kijani, Bi Minna. Haupo. Ana mikono miwili, yote ya kawaida, kama yangu na yako."

Minna alikuwa ameshika keki. Aliirudisha ndani ya boksi.

Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanabishana. Ule mkono ulikuwa ndio moyo wa Mpanda Radi. Asili ilibadilishwa, mavazi yalibadilishwa, hata mchumba alibadilishwa mara nne, lakini tangu mwaka arobaini na tisa mkono wa kushoto ulikuwa wa kijani, na kazi yake ilikuwa kunyonya maumivu ya watu. Akimshika majeruhi, maumivu yanahamia kwake. Watoto hospitalini walikuwa wakipaka mikono yao rangi ya kijani. Na kila aliyejua mambo alijua kwamba hilo lilitoka kwenye akili kubwa ya mhariri wa zamani, marehemu Haskell.

Kila aliyejua mambo, isipokuwa Minna. Yeye alijua vingine.

Mwaka arobaini na tisa alikuwa na miaka ishirini na moja, anafanya kazi ya kupaka rangi katika kampuni ya Mpanda Radi. Wasichana sita walikaa kwenye meza ndefu wakipaka kurasa kwa brashi na kuandika alama za rangi, ili wachapaji kule Connecticut wajue nyekundu iende wapi na njano iende wapi. Waandishi walitajwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wachoraji walitajwa. Wapaka rangi hawakutajwa hata siku moja, kana kwamba rangi huota yenyewe kama kuvu. Minna alipaka miaka kumi na mmoja, na katika kurasa zote hizo kitu cha kwake kilikuwa kimoja tu, tena hakuna aliyejua ni chake ila yeye na Concetta Bruno, aliyekaa kiti cha pili. Concetta alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia kijana mrefu, mwembamba, ana miaka kama ishirini na tisa, koti limemzidi. Ndiye mwandishi, Desmond Pruitt. Akasimama kama mtu aliyekosea nyumba na kukuta matanga.

"Ingia, muuaji," alisema Theodora.

"Asante, dada. Nimepokelewa vibaya zaidi Philadelphia."

Watu wakacheka, na kicheko kikamfungulia njia hadi kwenye meza. Ignacio akampa kahawa. Alitia saini nakala kama ishirini hivi, anatukanwa kwa kila nakala, na anajibu vizuri, kwa hiyo wakaanza kumpenda bila kutaka. Ndipo Orville akasogea mbele.

"Ndugu Pruitt. Mkono uko wapi?"

"Nilijua utakuja." Desmond akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mzee. Nimekulia kwenye huo mkono. Nilipovunjika mguu, mama alikuwa ananishika kwa glavu ya kijani ya kuoshea vyombo. Lakini nikipewa mhusika, natafuta kila kitu chake kimetoka wapi. Fundi wa lifti, naelewa: mji ulikuwa unapanda juu. Atomu, naelewa. Mkono? Nimefukua makabati ya kampuni wiki tatu. Hakuna karatasi, hakuna mchoro, hakuna barua. Kuna Haskell tu, anasema kwenye kila mahojiano kwamba ulimjia. Ulimjia kutoka wapi? Kitu kisicho na mzizi siwezi kukipanda upya."

"Mzizi ni kipaji cha Haskell!" alisema Orville.

"Basi nipeni mzizi. Ninyi si ndio mabingwa wa viraka?"

Hapo aliwagusa penyewe. Kampuni ilikuwa na desturi yake ya zamani: msomaji akigundua kosa kwenye hadithi, kisha mwenyewe akaandika barua kueleza kwa nini si kosa, alipewa Hati ya Kiraka, karatasi yenye mhuri wa sindano na uzi. Haikuwa na faida yoyote duniani, na watu walikuwa tayari kuuza figo waipate. Orville alikuwa nazo tatu, zimetiwa fremu, juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya ndoa.

"Hadithi ya toleo namba nne iko mezani kwangu," alisema Desmond. "Naikabidhi Ijumaa. Atakayenipa chanzo cha kweli cha ule mkono, si cha kubuni, nitamwombea Hati, na mkono nitaurudisha."

Walipigana kwa maneno robo saa nzima. Mmoja alisema ni shaba ya nyaya za lifti, shaba ikizeeka inakuwa kijani. Desmond akatikisa kichwa: hiyo ilibuniwa baadaye. Theodora alisema ni taa ya reli, kijani maana yake pita. Kizuri, lakini cha kubuni. Minna alikuwa hajatoa hata kejeli moja, na hilo lilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba Ignacio alimtazama mara mbili.

Alikuwa anaogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya kizee: miaka arobaini na tisa imeiva ndani ya mtungi. Akisema, watajua kwamba kitu walichokipenda maisha yao yote kilikuwa kosa la msichana mzembe. Asiposema, mkono unakufa Ijumaa, na siku naye atakapokufa hapatabaki hata tone moja la rangi alilolitia yeye. Treni ikapita. Duka likanyamaza kwa kulazimishwa. Ilipokwisha, Minna alikuwa amesimama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, Bi Minna?" aliuliza Ignacio.

"Mkono. Niliupaka mimi. Kwa makosa."

Minna akapangusa makombo ya keki vidoleni, akaendelea.

"Nilikuwa mpaka rangi wa Haskell. Toleo la tisini na moja, ukurasa wa sita. Glavu ya kushoto ya Mpanda Radi ilitakiwa iwe nyekundu. Sasa, asubuhi ile Haskell alikuwa amekwama kwenye lifti ya jengo letu saa nzima. Fundi alipomtoa, alitoka na kofia hadi kwenye masikio, akaingia ofisini mwake, akafunga mlango. Sisi tunapaka, tunajiuliza kulikoni. Concetta, mwenzangu, alikuwa anamjua fundi, sitasema kwa kiasi gani, Mungu amrehemu. Akaniinamia, akaninong'oneza: Haskell alitoa kichwa kwenye tundu la paa la lifti kuita msaada, na fundi alipofika juu ya paa akakuta waya umenasa kitu chenye manyoya. Akadhani panya. Akakipiga nyundo. Lilikuwa wigi la Haskell."

Kuna aliyetema kahawa. Theodora alishika rafu.

"Haskell alikuwa na nywele zake!" alisema Orville, sauti imempanda. "Nimeona picha!"

"Umeona wigi, mwanangu. La pili. Basi mimi nikacheka hadi nikaanguka kitini, brashi ilikuwa na kijani cha nyasi, na nilipofungua macho, glavu nimeipaka yote. Nikasema nitaosha baada ya chakula cha mchana. Mjumbe akaja mapema akachukua kurasa. Kwisha."

"Na hukusema?" aliuliza Desmond taratibu.

"Haskell alisimama mbele ya meza yetu akauliza, nani kafanya huu upuuzi? Nilikuwa namlisha mama yangu na wadogo zangu wawili. Wasichana sita wakaangalia meza. Kisha zikaanza kuja barua za watoto, mia mbili kwa juma: kwa nini mkono ni wa kijani? Haskell akazisoma, akaona watoto wamependa, akajibu mambo ya kunyonya maumivu, akawa bingwa. Ningesema nini tena?"

Duka lilitaka kumwamini. Hilo lilionekana machoni mwao. Lakini Orville alikuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa babu yake alikuwa mwizi wa kuku.

"Samahani sana, Bi Minna. Nakuheshimu, na vikeki vyako nakula. Lakini hapa kila mtu mwenye bibi anaweza kusema bibi yake alipaka mkono. Ushahidi?"

Minna akafikiri. Akafumba macho, vidole vyake vikatembea hewani kana kwamba vimeshika brashi.

"Masharubu," alisema. "Brashi iliponiponyoka iligusa picha ya pembeni. Bawabu wa jengo. Sharubu lake la kulia ni la kijani. La kushoto jeusi."

"Nimesoma hadithi hiyo mara hamsini," alisema Orville. "Masharubu ni meusi yote mawili."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye kitabu cha mkusanyiko, cha mwaka sabini na mbili."

"Hicho kilisahihishwa. Mkono waliuacha kwa kuwa umeshakuwa mali. Masharubu waliyaosha. Tazama toleo lenyewe."

Watu wote wakamgeukia Orville, maana ilijulikana kutoka Queens hadi Bronx kwamba Orville Knapp anayo namba tisini na moja halisi. Alikuwa nayo hapo hapo. Aliileta Desmond aione. Aliitoa mkobani kwa mikono miwili. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma yake kadibodi, mdomo umefungwa kwa utepe.

"Fungua," alisema Theodora.

"Haifunguliwi."

"Hujawahi kuifungua?"

"Miaka kumi na minne ninayo. Ikifunguliwa hewa inaingia."

"Yaani unaijua kwa jalada tu?" Theodora aliuma mdomo. "Kaka, hiyo ni kama kuoa kwa picha na kuendelea kuishi na picha."

"Mwacheni," alisema Minna. "Kama hataki, basi. Kitabu ni chake."

Alikaa chini, akachukua ile keki aliyoirudisha, akaanza kuila polepole, hajamtazama mtu. Nadhani ni keki hiyo iliyommaliza Orville. Angegombana na mtu anayebisha. Mtu anayekula keki akiwa ameshakata tamaa utamfanyaje? Akasogeza vikombe vya kahawa mbali, akafuta mikono kwenye suruali mara tatu, akaingiza ukucha wa kidole gumba, akaanza kubandua utepe. Ulitoa sauti ndogo. Watu watatu walifumba macho.

Harufu ya karatasi ya zamani ikatoka, ya vumbi na utamu, na Minna akaitambua kabla hajaona lolote.

Orville alifungua ukurasa wa sita. Akainama. Akainama zaidi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kulia kwake au kulia kwetu?" aliuliza.

"Kwake."

Orville alisimama wima. Alikigeuza kitabu taratibu, akakishika juu ili wote waone: mkono wa Mpanda Radi ni wa kijani kama jani la mchicha, na pembeni bawabu amesimama kwa heshima zote, sharubu moja jeusi, la pili la kijani.

Kelele iliyotoka ilimtoa kinyozi wa jirani na mteja wake, nusu ya ndevu bado ina povu. Ignacio aliruka kaunta, mtu wa kilo mia moja na ushee. Theodora alimbusu Minna mashavu yote mawili. Na Desmond Pruitt alikuwa ameshika kalamu, anaandika nyuma ya risiti, nyuma ya kiganja, nyuma ya chochote.

"Kicheko," alikuwa anasema peke yake. "Si maumivu. Kicheko."

"Nini tena?" aliuliza Orville kwa woga.

"Mkono ulizaliwa na kicheko, mzee. Umesikia mwenyewe. Haskell alibandika maumivu juu yake. Mimi naubandua. Watu wakicheka karibu naye, mkono unageuka kijani, na hapo ndipo nguvu zinapokuja."

"Huwezi kubadilisha nguvu za mkono! Ni miaka arobaini na tisa!"

"Mwanzo wa nane," alisema Theodora, akachukua keki.

Wakaanza upya kubishana, na Orville akabisha kuliko wote, kitabu chake kiko wazi mezani, amekwisha kukisahau.

Namba nne ilitoka mwishoni mwa Juni. Hati ya Kiraka ilikuwa imetangulia wiki mbili, na Ignacio aliitundika nyuma ya kaunta: kwa Minna Zaretsky na Concetta Bruno, wapaka rangi. Minna alikuwa amesema bila jina la Concetta asiletewe. Joto lilikuwa kali, bomba limezimwa, lakini kiti chake hakikusogezwa.

Alifungua. Watu wamenasa kwenye lifti ya jengo kuukuu, giza, waya unakatika uzi baada ya uzi. Mpanda Radi yuko juu ya paa la lifti, nguvu zimemwishia, mikono yote miwili ya kawaida. Ndani, mwanamke mmoja mwenye brashi mfukoni, ili kuwaondolea wenzake hofu, anaanza kuwasimulia habari za bosi wake na wigi. Mmoja anacheka, wa pili anacheka, lifti nzima inacheka. Na juu gizani, mkono wa kushoto unaanza kuwaka.

Minna aliutazama mkono muda mrefu. Kijani chenyewe kabisa, cha nyasi.

"Kosa!" Orville alipiga yowe. Alikuwa amenunua nakala mbili, moja ameifunga kwenye plastiki, ya pili imefunguliwa na ina alama ya jamu. "Ukurasa wa kumi na tano! Mwanamke wa brashi nywele zake ni nyekundu, picha ya tatu ni za buluu! Buluu kabisa! Siku hizi si wanapaka kwa kompyuta?"

"Kompyuta nayo ina mtu amekaa mbele yake," alisema Ignacio.

"Basi mtu huyo alikuwa amelala! Naandika leo leo. Watanisikia."

Minna alirudi ukurasa wa kwanza. Siku hizi majina yote huandikwa. Alipitisha kidole: hadithi, Desmond Pruitt, michoro, fulani, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, rangi: Yolanda Achterberg.

"Ignacio, baba, nipe karatasi na kalamu."

"Unaandika nini, Bi Minna?"

"Nawahi kabla ya Orville."

Akaegemeza karatasi juu ya boksi la vikeki, na watu wakajikusanya nyuma ya bega lake kusoma, kwa kuwa katika duka lile hapakuwa na barua ya mtu mmoja.

"Mpendwa mhariri," aliandika Minna. "Nywele za buluu kwenye ukurasa wa kumi na tano si kosa, na atakayesema ni kosa asisikilizwe. Mwanamke akifika penye utamu wa umbea, nywele zake hubadilika rangi kwa dakika moja, kisha hurudi. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu, mwaka arobaini na tisa. Tafadhali mpeni Yolanda salamu zangu, na mwulizeni alikuwa anasimuliwa nini."

"Hiyo haina mantiki hata kidogo!" alisema Orville.

"Ina mantiki kuliko setilaiti," alisema Theodora, na treni ikapita juu, na wote wawili wakasimama midomo wazi wakiingoja iishe.